Paneli nne za mtumba za wati 250 kuchemshia maji ya kuoga bila betri wala inveta: naungaje?

Kipupwe_Njombe
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaoijua hii kazi.

Nyumba iko Njombe mjini, watu watano. Maji ya bomba alfajiri yana nyuzi 14 hadi 16. Paneli ziko nne, za mtumba, seli 60, lebo zinasoma W 250, Vmp 30.5 na Imp 8.2 (volti na ampea paneli ikitoa nguvu nyingi zaidi), Voc 37.5 (volti bila mzigo), Isc 8.7 (ampea nyaya zikigusanishwa). Tenki ni pipa la chuma kisichoshika kutu, lita 120, halina presha, litajazwa kwa boya kutoka simtank. Hita ni ya kawaida ya dukani, volti 230, wati 3000, ina thermostati yake. Nataka lita 100 za maji ya moto kila siku.

Je, paneli zinatosha? Niunge sirisi (moja nyuma ya nyingine) au paralelo (sambamba)? Na hiyo hita ya umeme wa TANESCO itakubali DC?

Ohm_na_Volti
Anza na hesabu ya maji. Lita moja inakula Wh (wati-saa) 1.16 kwa kila nyuzi moja unayoipandisha; Wh 1,000 ni uniti moja. Lita 100 kutoka 16 hadi 50 ni 100 × 34 × 1.16, karibu Wh 3,950. Sema uniti 4 kwa siku, 120 kwa mwezi. Aliyeko D1, ile bei nafuu ya TANESCO inayoishia uniti 75 kwa mwezi, ameshaelewa kwa nini unahangaika na paneli.

Wati 1000 za kwenye lebo, ukitoa uzee, vumbi na joto la seli, tegemea 750 hadi 800 saa sita mchana. Zidisha kwa saa tano za jua kamili: uniti 3.75 hadi 4. Kwa hiyo zinatosha siku ya jua, hita ikiwa imeoana na paneli. Siku ya ukungu hazitoshi, usijidanganye.

Unga sirisi. Waya wa mm² 4 wenye urefu wa mita 15 kwenda na 15 kurudi una ohm 0.15 hivi. Ukiunga sirisi unapitisha ampea 7 au 8 na kupoteza volti 1 tu kati ya 110. Ukiunga paralelo unapitisha ampea 30, unapoteza volti 4.5 kati ya 30, yaani asilimia 15 ya jua lako linapasha waya badala ya maji.

Ohm_na_Volti
Naendelea na swali la hita. Elementi yenyewe haijui AC wala DC, inajua ohm tu. Ya kwako ni 230 × 230 ÷ 3000 = ohm 17.6. Paneli nne sirisi zinataka 122 ÷ 8.2 = ohm 14.9 jua likiwa kali. Mko karibu, ila usifurahi mapema.

Jua likishuka nusu, mkondo unashuka nusu, volti nazo zinaanguka kwa sababu ohm za hita hazibadiliki. Ampea 3.7 kwenye ohm 17.6 ni volti 65, wati 240. Paneli wakati huo zina uwezo wa kutoa karibu 390. Yaani asubuhi na jioni unaacha zaidi ya theluthi juu ya bati. Hita ya wati 2000 ina ohm 26.5: jua la nusu inakupa wati 360, lakini mchana inakubania, unapata 540 badala ya 750.

Ningeweka hita mbili za wati 1500, kila moja ohm 35. Asubuhi mpaka saa nne moja peke yake, mchana zote mbili paralelo (hapo unarudi 17.6), baada ya saa tisa unarudi kwenye moja. Swichi ya kuwasha na kuzima hita ya pili iwe ya DC. Asiyetaka kukumbuka swichi atafute kontrola ya MPPT ya kupashia maji. Ndani yake kuna kapasita zinazoshikilia volti ya paneli pale inapotoa nguvu nyingi, kisha inakatakata umeme kuelekea hita.

Bwanadogo87
Mnamtisha bure. Chomeka waya mbili kwenye hita, thermostati itakata maji yakishapata moto. Kazi imeisha.

Mchomeleaji
Bwanadogo, hapo hasa ndipo nyumba inapoungulia. Thermostati ya hita imetengenezwa kwa AC. Umeme wa AC unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayozaliwa pointi zikiachana inajizima yenyewe. DC haina sifuri. Pointi zinaachana milimita moja au mbili, cheche inabaki inawaka katikati kama ya kuchomelea, mwisho wake pointi zinashikana moja kwa moja au plastiki ya thermostati inashika moto. Volti 120 na ampea 6 zinatosha kabisa. Swichi ya ukutani ya AC nayo ni hivyo hivyo.

Kipupwe, iache thermostati ifanye kazi ya karani, mzigo ubebwe na mwingine. Ipitishe volti 12 tu kutoka adapta ndogo kwenda kwenye koili ya kontakta ya DC (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme), na kontakta ndiyo ikate njia ya paneli. Umeme wa TANESCO ukikatika kontakta inaachia, maji hayapati moto, hakuna hatari. Kontakta iandikwe DC volti 250 kwenda juu na ampea 16. Kontakta ya AC ya nguzo tatu zikiungwa sirisi hutumika pia, ila tu kama karatasi ya kiwanda inataja uwezo wake kwenye DC. Kama haitaji, iache dukani.

Breka nayo iwe ya DC, nguzo mbili, na iangalie alama za + na −. Nyingi zina upande. Ukiigeuza inakata vizuri siku haina mzigo, siku ina mzigo inaungua. Na MC4, vile viunganishi vya nyaya za paneli, usizichomoe jua likiwaka na hita ikiwa inavuta.

Kipupwe_Njombe
Shukrani sana. Fundi wa hapa anapendekeza SSR (swichi ya kielektroniki isiyo na pointi) badala ya kontakta. Inafaa?

Mchomeleaji
Inafaa ikiwa ni ya DC kwa DC, yenye MOSFET (aina ya transista) ndani. Ile ya AC, ambayo ndiyo imejaa madukani, ikishawaka kwenye DC haizimi tena mpaka jua lizame. Soma volti za upande wa mzigo: zipo zinazoishia 60, kwako zinakufa dakika ya kwanza. Chukua ya 220 au zaidi, ampea mara tatu ya unazohitaji, na uifunge kwenye bamba la alumini la kupozea.

Ubaya wa SSR ni kwamba ikifa, mara nyingi inakufa ikiwa imewasha. Ndiyo maana pipa lako lisilo na presha ni bahati. Njombe iko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, mvuke utatoka kwenye bomba la pumzi na hakuna kinachopasuka. Mwenye tenki la presha asithubutu kufanya haya bila vali ya usalama ya joto na presha, na vali hiyo isizibwe hata ikidondosha.

Boya usiliweke ndani ya pipa la moto. Plastiki itapinda, na maji baridi yakiingia kutoka juu yanavuruga ya moto. Weka ndoo ndogo ya pembeni yenye boya, usawa wake juu kidogo ya pipa. Kutoka hapo bomba liingie chini ya pipa, maji ya kuoga yatoke juu, na bomba la pumzi lipande kuzidi usawa wa ndoo. Hita ikae chini. Kwa mpangilio huu maji ya simtank yakikatika, pipa haliishi na hita haiungui kavu.

Tigoni_Sola
Hamjambo ndugu zetu. Mbona asiweke tu ile ya mirija ya vioo? Mita mraba mbili zinatosha lita hizo, hizo paneli nne zinakula zaidi ya sita.

Ohm_na_Volti
Ni kweli, kama bati ni dogo mirija inashinda. Inanasa nusu ya jua au zaidi, paneli hizi asilimia 15. Lakini yeye paneli anazo tayari, na waya haugandi wakati wa sakitu wala hauzibwi na chokaa ya maji. Pia pipa linaweza kukaa bafuni, mbali na paneli.

Kipupwe, usisahau blanketi la pipa. Pipa lisilofunikwa lenye maji ya nyuzi 50 saa kumi na mbili jioni, baridi ya nje ikiwa 12, alfajiri utayakuta kwenye 24 hivi. Likivalishwa sufi ya kioo ya sm 5 pande zote, chini na juu pia, utayakuta kwenye 46. Pumba za mpunga zinafaa pia, ziwe sm 15 na zikae kavu. Pesa ya paneli ya tano iweke hapo kwanza.

Mchomeleaji
Kabla ya kupandisha paneli, zipime moja moja. Jua la saa sita, anga safi, Voc iwe 33 hadi 37. Ikisoma kama 23 au 24 diodi moja ya kwenye kisanduku cha nyuma imekufa, na mara nyingi inabadilishika. Isc ipime kwa mita ya koleo ya DC. Kinachotakiwa ni zote nne zikaribiane, kwa sababu kwenye sirisi dhaifu ndiyo inayoamua. Zikiwa 8.0, 7.9, 8.1 na 5.5, hiyo ya mwisho irudishe.

Kisha mwagia maji paneli, upime kwa mega (mita ya kupima uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya nyaya na fremu. Kwa paneli ya ukubwa huo chini ya megaohm 25 ni mbovu, hata kama inatoa volti nzuri. Karatasi ya mgongo yenye nyufa ndiyo sababu ya kawaida. Volti 150 za DC zinaua. Fremu, pipa na ganda la hita vyote viungwe kwenye ethi, na usitegemee breka ya kawaida ya kuvuja umeme: ile ya aina ya AC haioni DC.

Zielekeze kaskazini, mwinamo nyuzi 20 hivi. Juni na Julai, unapoyataka maji zaidi, jua liko upande huo.

Kipupwe_Njombe
Nimewaelewa wakuu. La mwisho: maji yakifika 60 saa nane mchana, naweza kuhamishia paneli kwenye chaja ya MPPT ya betri ya taa?

Ohm_na_Volti
Unaweza, kwa swichi ya DC ya kuhamisha yenye nafasi ya kuzima katikati. Ila angalia volti ya juu kabisa ya chaja. Nne sirisi ni 150 kwenye nyuzi 25. Alfajiri ya Njombe ikiwa nyuzi 5 inapanda kufika 159, na chaja iliyoandikwa 150 inaungua jua likichomoza. Tafuta ya 200 au 250.