Kibanda cha kurekodia ndani ya chumba cha kupanga: tunajenga au tunajidanganya?

Mleta mada
Wakuu, kila wiki naletewa vokali za kumiksi kutoka studio za geto, na siku hizi nazitambua kabla sijaambiwa: hii imetoka kwenye buthi, yaani kibanda cha kurekodia. Sauti nzito inavuma kama pipa, nyembamba imekufa. Mwenye studio ametumia hela ya kodi ya miezi mitatu kwa mbao, plaiwudi na sponji, kajenga kisanduku cha mita 1.2 kwa 1.2 pembeni ya kitanda, anajiona kamaliza. Hoja yangu: kwenye chumba cha kawaida cha kupanga, kisanduku hicho kinaharibu kuliko kinavyosaidia. Usijenge.

Hesabu yake ni ya darasani tu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya umbali wa ukuta hadi ukuta, yaani 343 kwa 2.4, unapata Hz 143, yaani mitetemo 143 kwa sekunde. Huo ndio mvumo wa kisanduku chako, na kwa kuwa pande zote mbili ni sawa, mivumo miwili inakaa juu ya noti ileile. Sauti ya mwanamume anapoongea iko kati ya Hz 85 na 180 hivi. Kila akiipitia hiyo 143, kibanda kinaimba naye. Kwenye chumba cha mita 4 mvumo wa kwanza uko Hz 43, chini ya koo la karibu kila mtu. Inayofuata ni mingi, ila imetawanyika, hakuna noti moja inayobebeshwa mzigo wote.

Sponji la sentimita 5 haligusi Hz 143. Linakula ya juu tu, zile "s" na "ch", ya chini inabaki ikitamba. Trei za mayai za kubandika ukutani sizitaji, tuheshimiane.

Ninachofanya mimi: maiki nyingi za kurekodia sauti husikia mbele na kupuuza nyuma. Mbele yake kuna mdomo, na nyuma ya mdomo kuna ukuta ulio mgongoni mwa mwimbaji. Huo ndio wa kuutibu. Fremu mbili za mbao, urefu mita 2, kina sentimita 15, zimejazwa mataulo na majaketi ya mitumba, zimefunikwa kanga, zimeachana na ukuta kama sentimita 10. Kanga haizuii sauti, inaipitisha hadi kwenye mataulo, ndiyo maana inafaa.

Nawasilisha.

Seremala wa studio
Mkuu, umeongea kama mtu mwenye uwanja na fensi. Mimi niko Manzese. Huku baa, huku kijiwe cha bodaboda. Mataulo yako yatanizimia baa? Nimejenga vibanda sita na wateja wanarekodi.

Mleta mada
Fundi, hapo kuna mambo mawili. Kumeza sauti isirudi ni kazi moja, kuizuia isipite ni nyingine kabisa. Baa inazuiwa na uzito na kuziba matundu, sponji halina uzito. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 wenye mwanya wa sentimita 2 chini una asilimia 1 iliyo wazi. Hata ungekuwa wa chuma, hiyo asilimia 1 peke yake inakubakizia kinga ya desibeli 20 tu. Vibanda vyako sita vina mipira ya kuziba mianya kwenye fremu za milango?

Seremala wa studio
Viwili vina. Na nikiziba kila mahali mtu anatoka kila baada ya ubeti, jasho linamchuruzika.

Mleta mada
Lazima. Mtu aliyetulia tu hutoa joto kama wati 100. Umemfungia na ile balbu ya zamani, Dar, mwezi wa Februari. Ukiweka feni, maiki inarekodi feni.

Mwimba taarabu
Kaka zangu, mnagawanya namba na hakuna aliyemuuliza anayeimba. Kisanduku kilichojaa sponji hakinirudishii sauti hata kidogo. Nasukuma, na nikisukuma napanda juu ya noti, halafu prodyuza ananiambia sina sikio. Rekodi yangu niipendayo ilifanyika sebuleni kwa shangazi, makochi mazito, pazia mbili mbili. Kuku alisikika mara moja. Tukarudia.

Msomaji mkimya
Na moto je? Februari 2003, klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island, Marekani: fataki za jukwaani zilishika sponji la ukutani, watu 100 wakafa. Januari 2013, klabu ya Kiss huko Santa Maria, Brazili: sponji tena, safari hii la darini, watu 242. Nyinyi mnalibandika ndani ya kasha lenye mlango mmoja na nyaya za umeme zimepita chini.

Seremala wa studio
Sufi ya mwamba, ile ya nyuzi za mawe, haiungui, naijua. Mteja wangu akisikia bei yake anarudi kwenye godoro. Na mataulo ya mkuu nayo ni kuni.

Mleta mada
Kweli, hilo siwezi kulikwepa. Yangu yako mbali na soketi, na anayeimba hayuko ndani ya kasha, mlango wa chumba uko mbele yake. Zaidi ya hapo sina utetezi.

Seremala wa studio
Na baa hujaijibu.

Mleta mada
Chukua maiki ya dainamiki, ile isiyodaka sana sauti za mbali, mdomo usogee hadi sentimita 5 au 10 kutoka kwenye maiki. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kama desibeli 6, baa inabaki palepale. Halafu rekodi saa 3 asubuhi, wenye baa wamelala.

Mwimba taarabu
Saa 3 asubuhi koo langu nalo limelala.