Kuripoti matokeo ya Safaricom: nianzie wapi?

Mwandishi_Mpya: Habari zenu wakuu. Nimepangiwa dawati la teknolojia, na Safaricom ndiyo kampuni kubwa nitakayoifuatilia. Nyaraka za matokeo ni nyingi mno. Nisome nini kwanza nisije nikapotosha wasomaji?

Kalamu77: Karibu sana. Mwaka wao wa fedha unaisha 31 Machi. Matokeo ya mwaka mzima hutoka Mei, ya nusu mwaka Novemba. Ukiona "FY25", ni mwaka ulioishia Machi 2025. Weka kando taarifa kwa vyombo vya habari, fungua majedwali. Kuna takwimu za kundi zima na za Kenya peke yake. Ethiopia, walikoanza biashara Oktoba 2022, imo kwenye kundi, na hasara yake hushusha faida. Ukilinganisha faida ya Kenya ya mwaka huu na ya kundi ya mwaka jana, habari yote imeharibika.

Bi_Takwimu: Na birr usiisahau! Ethiopia iliacha soko lipange thamani ya sarafu yake hiyo Julai 2024, ikaporomoka, na hesabu za kundi zikaguswa. Kwenye M-Pesa, angalia kama wanahesabu wateja waliosajiliwa au waliotumia huduma ndani ya siku 30, kisha uandike hivyo hivyo.

Kalamu77: Mfanyakazi wa ndani akikutumia hati, tafadhali usichapishe picha ya hati hiyo. Jina la faili, saa, hata mpangilio wa maneno vinaweza kumfichua. Andika yaliyomo kwa maneno yako, thibitisha kwa chanzo cha pili, halafu itumie kampuni maswali kwa barua pepe ukitaja saa ya mwisho ya kujibu.

Mwandishi_Mpya: Shukrani. Naanza na majedwali.