Chai ya tofali huko Tibet: abadilike mnywaji au mtengenezaji?

Ndugu wachangiaji,

Mwenzetu aliyetangulia ameandika kwamba Watibeti wanaoumizwa na floraidi (madini ambayo yakizidi mwilini hudhuru meno na mifupa) iliyomo katika chai yao wapunguze tu vikombe. Nampinga.

Chai inayozungumzwa hapa hutengenezwa kwa majani yaliyokomaa pamoja na vijiti vyake, yakashindiliwa hadi yakawa tofali, na kwa karne nyingi imekuwa ikipelekwa Tibet kutoka mji wa Ya'an, jimbo la Sichuan, China. Mchai hufyonza floraidi udongoni na kuilimbikiza majanini, na kadiri jani linavyokaa mtini ndivyo linavyozidi kuibeba. Mpishi humegua kipande, hukichemsha mpaka maji yawe meusi, kisha huitia chai hiyo chumvi na siagi ya yaki, yaani ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, na kuisukasuka katika chombo kirefu cha mbao. Chai hiyohiyo hukandiwa tsampa, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa, na watoto nao hula. Kwa hiyo anayewaambia watu hawa wapunguze chai anawaambia wapunguze chakula.

Meno yenye madoa ya kahawia wenzetu wa Arusha wanayajua vizuri, ila kwao chanzo kikubwa ni maji. Tibet, kisima chaweza kupimwa kikaonekana salama ilhali sumu imo katika chai, na miaka inapopita viungo hukakamaa na mgongo hukataa kukunjuka.

Mwaka 2005 China iliweka kikomo cha miligramu 300 za floraidi kwa kila kilo ya chai ya tofali. Tupige hesabu: anayechemsha gramu 30 kwa siku, kwa chai iliyofika kikomo hicho bila kukivuka, ametia sufuriani miligramu 9, na sehemu kubwa yake huishia kikombeni. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hatari kwa mifupa huanza kuonekana mtu anapozidisha miligramu 6 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Basi hata anayenunua chai halali hajalindwa.

Naelewa hoja ya bei, na ni hoja nzito: majani machanga yana floraidi kidogo lakini ni ghali, na mfugaji wa Kitibeti hanunui asichokimudu. Ndiyo maana naona kikomo kishushwe na serikali ifidie tofauti ya bei. Mnaopinga ruzuku, nani mwingine aibebe gharama hiyo, kama si mfugaji mwenyewe kwa mifupa yake?