Sahani ya povu kwa Rupert Murdoch: mzaha ule ulimdhuru au ulimwokoa?

Mwalimu_wa_Habari ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha uandishi wa habari katika chuo kimoja cha kati, na wiki ijayo darasa langu litajadili njia ambazo wananchi huzitumia kuvipinga vyombo vya habari vinavyoegemea upande mmoja. Nimekwama kwenye tukio moja ambalo kila ninapolirudia linanipa jibu tofauti.

Tarehe 19 Julai 2011, Rupert Murdoch, tajiri anayemiliki magazeti katika mabara kadhaa, na mwanawe James walihojiwa na Kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia utamaduni, habari na michezo, ili waeleze jinsi waandishi wa gazeti lao la News of the World walivyokuwa wakidukua ujumbe wa sauti katika simu za watu. Wiki mbili kabla ya hapo, gazeti la Guardian lilikuwa limefichua kwamba miongoni mwa simu zilizoingiliwa ilikuwamo ya msichana wa miaka 13 aliyetoweka mwaka 2002 na baadaye ikajulikana kuwa ameuawa. Nchi nzima ilichafukwa na moyo.

Kikao kilikuwa kimeendelea kwa zaidi ya saa mbili pale mchekeshaji kijana, Jonathan May-Bowles, alipotoka katika viti vya wasikilizaji akiwa na sahani ya karatasi iliyojaa povu la kunyolea ndevu, akamwendea mzee huyo wa miaka 80 na kutaka kumpaka usoni. Wendi Deng, aliyekuwa mke wa Murdoch wakati huo, aliruka kutoka kitini akamzaba kofi. Kikao kikasimama kwa muda, na kiliporejea Murdoch aliendelea kujibu maswali akiwa hana koti.

Wapo wanaosema kwamba mzaha ule ulimwondolea tajiri yule heshima ya woga aliyoizoea kwa miaka mingi. Wapo wanaosema kwamba ulimgeuza mtuhumiwa kuwa babu wa kuonewa huruma. Naomba hoja zenye ushahidi, maana ushabiki ninao wa kutosha darasani.

Mzee_wa_Magazeti amejibu:

Mwalimu, shikamoo kwa kazi yako, ingawa huenda mimi ndiye mkubwa. Kikao kile nilikitazama moja kwa moja kwenye televisheni, na sitasahau jinsi Murdoch alivyokuwa akijibu: kimya kirefu, mkono ukigonga meza, kisha neno moja au mawili. Mwanzoni kabisa alimkatiza mwanawe ili aseme kwamba ile ndiyo siku ya unyenyekevu mkubwa kuliko zote maishani mwake. Mbunge Tom Watson alikuwa akimbana yeye mwenyewe, bila kumruhusu James amjibie, na kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba mtu aliyekuwa akiogopwa na mawaziri wakuu hakuwa na habari ya mambo yaliyokuwa yakitendeka ndani ya nyumba yake, au alijifanya kutokuwa nayo. Vyovyote iwavyo, ilikuwa fedheha.

Kisha likaja povu. Watson yuleyule aliyekuwa mkali kuliko wote akamwambia Murdoch kwamba mkewe ana ngumi nzuri ya kushoto. Hapo nilijua kwamba mambo yamekwisha. Asubuhi yake, mwenye kutaka kujua nani alilipa wapelelezi na nani alificha barua pepe alilazimika kwanza kuipita picha ya kofi la Wendi.

Lakini jibu lenyewe utalipata ukizipanga tarehe. Kampuni ya Ford ilisitisha matangazo yake katika News of the World mara tu habari ya msichana yule ilipotoka, na kampuni nyingine zikafuata, kwa kuwa wananchi wa kawaida walizibana mtandaoni moja baada ya nyingine. Tarehe 10 Julai gazeti hilo lililokuwa na umri wa miaka 168 lilitoa toleo lake la mwisho. Tarehe 13 Julai Murdoch aliachana na mpango wa kuinunua yote BSkyB, kampuni ya televisheni ya setilaiti ya Uingereza. Tarehe 15 Julai Rebekah Brooks, mkuu wa magazeti yake ya Uingereza, alijiuzulu. Yote hayo yalitokea kabla ya povu, na baada ya povu sioni hasara hata moja ambayo mtu anaweza kuithibitisha kwamba ilitokana nalo.

Jambo moja zaidi, ambalo wanafunzi wako watalipenda. Kijana wa povu alihukumiwa tarehe 2 Agosti, wiki mbili tu baada ya kosa, kifungo cha wiki sita ambacho kilipunguzwa hadi wiki nne kwenye rufaa. Andy Coulson, aliyekuwa mhariri wa News of the World, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa udukuzi ule wa simu mnamo mwaka 2014. Haki ilikimbia upande mmoja, upande wa pili ikatambaa.

Binti_wa_Bandarini amejibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu tarehe, lakini tusiuhukumu mzaha wote kwa sababu ya mzaha mmoja uliofanywa vibaya. Povu halikuwa na ujumbe. Ukimwonyesha mtu picha ile bila maelezo, hatajua kama mzee yule anapingwa kwa udukuzi, kwa vita, kwa bei ya mkate au kwa kuoa mke kijana.

Linganisheni na kilichofanyika New York tarehe 21 Septemba 2009. Kundi la Yes Men, wanaharakati wanaopinga wakubwa kwa mizaha, lilichapisha toleo bandia la New York Post, gazeti la Murdoch mwenyewe, likafanana nalo kwa herufi, rangi na mpangilio, na watu waliojitolea wakaligawa bure mitaani siku moja kabla ya mkutano wa viongozi kuhusu tabianchi katika Umoja wa Mataifa. Kichwa cha ukurasa wa mbele kilisema, kwa maana ya Kiswahili, "Tumekwisha". Uhondo wake ni kwamba waliolitengeneza walisisitiza kuwa habari zilizokuwamo zilikuwa za kweli, zikitegemea ripoti ambayo jiji lenyewe lilikuwa limeiagiza kuhusu athari za ongezeko la joto kwa New York. Gazeti la uongo likabeba habari ambazo msomaji alikuwa na haki ya kuzikuta katika gazeti la kweli. Hapo ndipo msomaji hushtuka, kwa sababu upendeleo wa habari mara nyingi haukai katika kile kilichoandikwa. Hukaa katika kile kilichoachwa, na kilichoachwa hakionekani mpaka mtu akichapishe kwa herufi zilezile.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 12 Novemba 2008, kundi hilohilo pamoja na wenzao walikuwa wamegawa New York Times bandia iliyotangaza kwamba vita vya Iraq vimekwisha. Kumbukeni kwamba mwaka 2003 karibu magazeti yote ya Murdoch, katika mabara tofauti, yaliunga mkono vita vile. Wahariri wengi kiasi hicho hawafikii msimamo mmoja kwa bahati.

Niongeze mfano mbaya pia, nisionekane mshabiki. Usiku wa kuamkia siku ya povu, kundi la wadukuzi la LulzSec liliuingilia mtandao wa The Sun, gazeti jingine la Murdoch la Uingereza, na kuwaelekeza wasomaji kwenye habari ya uongo kwamba Murdoch amekutwa amekufa. Kupinga udukuzi kwa udukuzi, na uongo kwa uongo! Dawa ya moto ni moto, lakini si kila moto.

Mtani_wa_Morogoro amejibu:

Mchango wangu ni mdogo na unatoka nyumbani. Sisi tuliokulia kwenye utani tunajua kwamba mtani msibani anaweza kufanya mambo ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo: atalala kaburini adai alipwe ndipo atoke, atavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, atataja mbele ya wafiwa ubahili wa marehemu na madeni aliyoyaacha. Hakuna anayekasirika, na kila aliyepo anarudi nyumbani akiwa amesikia ukweli ambao hotuba za heshima zilikuwa zimeufunika.

Siri ya utani ni kwamba humgusa mtu kwa alichokifanya. Gazeti bandia alilolieleza Binti ni utani wa kweli, kwa kuwa linaiga mwendo wa mwenyewe. Sahani ya povu ni nguo isiyo na kipimo. Humwenea kila mtu. Bill Gates alipakwa krimu usoni mjini Brussels mnamo Februari 1998, na wapakaji wake wala hawakuwa na ugomvi wa magazeti. Kama kijana yule angesimama katikati ya kikao, akatoa simu na kuanza kusikiliza kwa sauti ujumbe wa kubuni wa Murdoch mwenyewe, naamini angetolewa nje vilevile, lakini watu wangeondoka na neno moja vichwani mwao: simu.

Kijana_wa_Dodoma amejibu:

Wazee wangu, mnamwonea. Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha pili na sikujua kwamba magazeti yana mmiliki; nilidhani gazeti ni gazeti, kama mvua ilivyo mvua. Picha ya povu ndiyo iliyonifanya nimuulize mjomba yule mzee ni nani na amekosa nini. Mjomba alinieleza habari ya simu, akaendelea hadi kwenye The Sun na uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 1992, ambapo gazeti hilo lilijigamba kwenye ukurasa wa mbele kwamba ndilo lililokiletea chama cha Conservative ushindi. Ripoti za kamati singezisoma kamwe. Msisahau kwamba sisi tulio mbali huingilia mlango ulio wazi, hata kama ni mlango wa jikoni.

Mzee_wa_Magazeti amejibu:

Kijana, hoja yako nimeipokea, na inanisumbua kidogo. Hata hivyo, aliyekufundisha ni mjomba. Wangapi waliiona picha ile na hawakuwa na mjomba wa kumuuliza?

Mkaazi_wa_Mersey amejibu:

Nimeishi Liverpool kwa miaka mingi sasa, na nashangaa kwamba mjadala wa kumpinga Murdoch umefika hapa bila mji huu kutajwa.

Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, na waliokufa kutokana na msiba ule walifikia 97. Siku nne baadaye The Sun liliandika kwa herufi kubwa "Ukweli", likadai kwamba mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Haukuwa ukweli. Watu wa hapa hawakurusha kitu chochote usoni mwa yeyote. Waliacha kulinunua, na wameacha hadi leo. Wapo wenye maduka wasioliuza kabisa, zipo teksi zenye vibandiko vya kuwaomba watu wasilinunue, na mwaka 2017 klabu za Liverpool na Everton, ambazo ni mahasimu wa mji mmoja, zote mbili ziliwafungia milango waandishi wake. Gazeti liliomba radhi kikamilifu mwaka 2012, baada ya jopo huru kutoa ripoti yake, na hata radhi hiyo haikulirudisha mezani.

Mwalimu ameomba ushahidi, basi huu hapa. Watafiti wawili, Florian Foos na Daniel Bischof, waliuchukua ususiaji huu kama jaribio ambalo historia ililifanya yenyewe, wakalinganisha mitazamo ya watu wa eneo hili na ya wenzao wa sehemu nyingine za Uingereza kuhusu Umoja wa Ulaya, jambo ambalo The Sun lililipiga vita kwa miaka. Waligundua kwamba baada ya gazeti kususiwa, uhasama dhidi ya Umoja wa Ulaya ulipungua hapa. Yaani gazeti lilipoondoka sebuleni, liliondoka na sehemu ya mawazo liliyokuwa likiyapanda. Sijui mzaha wowote unaoweza kujivunia hesabu ya namna hiyo, na sisemi hivyo kwa kuudharau, kwa sababu nami nilicheka siku ile ya povu mpaka nikakumbuka kwamba jirani yangu, aliyefiwa na mdogo wake Hillsborough, hakucheka.

Mwalimu_wa_Habari amejibu:

Nawashukuru nyote, nami nakiri kwamba nilikuja na swali dogo kuliko majibu niliyoyapata. Nilikuwa nimepanga kuanza kipindi kwa kuonyesha ile video ya kofi, kwa kuwa nilijua ingewaamsha wanafunzi wa safu ya nyuma. Sasa nitawaonyesha kwanza sehemu ya maswali ya Watson, na kimya cha Murdoch nitakiacha kiendelee bila kukikata. Kisha nitawapa orodha ya tarehe za Mzee ikiwa imevurugwa, waipange wenyewe, na povu liwe mojawapo.

Ombi moja kwa Mkaazi wa Mersey: kama unaweza kupiga picha ya kibandiko kimoja cha teksi, bila kuonyesha namba ya gari, ningefurahi kuibandika ubaoni kando ya ule ukurasa wa "Tumekwisha".

Mkaazi_wa_Mersey amejibu:

Nitaipiga kesho asubuhi nikienda kazini. Kituo cha teksi kiko mbele ya duka ambalo halijaliuza gazeti hilo tangu nilipohamia mtaani.