Trela ya ekseli tatu: tairi pacha za 315 ama moja pana ya 385?

Mwenye_Kontena: Wakuu, nisaidieni kabla sijamwaga pesa. Trela yangu ya kontena inapiga Mombasa–Nairobi, mara moja moja Malaba. Tairi kumi na mbili za 315/80R22.5 zimeisha uso. Nifunge mpya za Kichina, nijikaze ninunue Michelin ama Bridgestone, nivae ritredi (tairi kuukuu zilizovalishwa uso mpya), ama nibadilishe rimu kabisa niweke zile pana za 385/65, moja kila upande? Jirani yangu wa yadi ameapa kwamba pana zinakula dizeli kidogo.

Dere_wa_Mtito: Bosi, mimi si mwenye gari, naongea ya barabarani tu. Jirani yako hasemi uongo, pana ni nyepesi na trela inafuata kichwa vizuri. Lakini ilinipasukia moja kati ya Mtito Andei na Voi saa nane mchana, na hapo safari ikaishia. Na fundi wa pancha wa njiani, 315 utamkuta nayo hata usiku wa manane. 385 utamsubiri mtu aitoe Nairobi na basi.

Fundi_Kariobangi: Tuanze na hesabu, jina la kampuni baadaye. Ekseli tatu zenye tairi pacha, sheria ya mizani ya Afrika Mashariki inaziruhusu tani 24. Gawanya kwa kumi na mbili: tani 2 kila tairi. Ukutani mwa 315 ya kawaida utasoma 156/150, hizo ni namba za uwezo wa mzigo. Ile 150 maana yake kilo 3,350 ikiwa pacha, 156 ni kilo 4,000 ikiwa peke yake. Una nafasi ya kutosha. Sasa moja ikitoboka, mwenzake anabeba tani 4 peke yake, yaani amefika kikomo chake hasa. Dere asiposhuka kuangalia, atapoteza zote mbili. Ndiyo maana tanboi, msaidizi wa dere, na nyundo yake ya kugonga tairi si mapambo.

Kwa 385 yenye 160, uwezo ni kilo 4,500. Ukiipa tani 4, yaani 24 kwa tairi sita, imebaki na nafasi ndogo. Na mizani haihesabu tairi moja pana sawa na pacha, kwa hivyo uliza kwenye mizani ya Mlolongo au Mariakani kabla hujagusa rimu.

Upepo mdogo ndio unaua tairi nyingi ninazoletewa. Kama yako inataka psi 120, ikishuka hadi 96 ihesabu imetoboka, hata kama kwa macho imesimama. Ukuta unajikunja kila mzunguko, unapata joto, waya za ndani zinachoka. Baadaye mtu anaijaza upya ikiwa imelala chini, ukuta unapasuka kama zipu. Tairi iliyotembea bila upepo itolewe, ikaguliwe ndani, ijazwe kwenye kizimba cha chuma. Nimeona mtu akiinama juu yake na mpira wa kompresa mkononi, nikamvuta kwa ukosi wa shati. Alinitukana. Sawa tu.

Na usichanganye mpya na kuukuu kwenye jozi moja. Kubwa itabeba, ndogo itakwaruza lami.

Mama_Mizigo: Fundi amesema. Mimi naongeza ya ritredi, kwa sababu watu huzicheka bure. Nina trela mbili, nyuma zote ni ritredi, usukani kamwe. Siri ni mwili wa tairi: mwili wa kampuni nzuri ambao haujawahi kutembea bila upepo unaweza kuvaa uso mpya na ukakaa. Mwili mbovu ni kuvalisha maiti suti. Mimi hununua mpya nzuri, nikizimaliza nazipeleka mwenyewe zikavalishwe, narudishiwa zile zile. Namba naziandika kwa daftari.

Niliwahi kuuziwa "mpya" duka moja mjini, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Kumbe zimepakwa rangi. Tafuta herufi DOT, soma tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mwingine wa tairi huenda hazipo, kwa hivyo igeuze. Muuzaji akikuharakisha hapo, ondoka.

Dere_wa_Mtito: Mama, na zile herufi FRT ukutani mwa tairi?

Mama_Mizigo: Hiyo ni ya trela pekee, mwanangu. Isipande usukani wala ekseli ya kuvuta, hata kama spea imeisha na tajiri anapiga simu.

Fundi_Kariobangi: Kichina si tusi. Nimefungua za Kichina zilizochakaa sawasawa mpaka alama za TWI, zile za kuonyesha uso umeisha. Soma mzigo na tarehe, basi. Pia ukishuka Mai Mahiu na breki zimeshikwa muda mrefu, joto la ngoma linapita kwenye rimu hadi mdomo wa tairi. Hapo utalaumu kampuni na kosa ni la dere aliyeshuka kwa gia isiyofaa.

Mwenye_Kontena: Nabaki na pacha. Nane mpya, nne ritredi za miili yangu mwenyewe, kila jozi aina moja. Nimeenda yadi na tochi kuchagua miili. Ya saba, iliyo ya ndani upande wa kushoto, nimeisugua matope kwa kidole: 0814. Na kokoto ya ukubwa wa yai imekwama kati yake na mwenzake.

Fundi_Kariobangi: Hiyo ya saba usiiuze kwa mtu. Ikate.