Nyumba Texas: hati ya TOD, trasti au wasia?

BintiTanga
Wadau, habari zenu. Nina nyumba Texas, nataka nikifa iende kwa wanangu bila kuzungushwa mahakamani. Kazini wananiambia hati ya TOD (Transfer on Death, unaandika leo nani achukue nyumba ukifa), kanisani wananiambia trasti (nyumba inashikwa na msimamizi kwa niaba ya warithi). Wakili kanitajia bei ya trasti, nimeshtuka. Ipi bora? Wiki ijayo nasaini.

MzeeWaGarland
Dada, hujatwambia kitu. Una mume? Nyumba ina mkopo? Watoto wana umri gani, na ni wa baba mmoja? Jibu kwanza.

Mchaga_Minnesota
TOD, basi. Kwetu Minnesota ipo tangu 2008, Texas tangu Septemba 2015. Unabaki mwenye nyumba: unauza, unafuta, unabadilisha jina, mtoto hana sauti mpaka ufariki. Ila usimwingize mtoto kwenye umiliki sasa hivi. Akidaiwa au akivunja ndoa, nyumba yako imo. Halafu akirithi na kuuza, kodi ya faida inapigwa kuanzia thamani ya siku uliyofariki. Ukimpa ungali hai anabeba bei uliyonunulia.

Nyamwezi77
Na ukipigwa kiharusi? TOD haina kazi ungali hai. Trasti ina msimamizi anayeendelea kulipa mkopo na kodi ya kaunti. Mimi trasti siachi.

MamaLulu_Houston
Jamani, sikilizeni yaliyompata dada yangu. Shemeji alijaza fomu ya TOD, akasaini mbele ya notari, muhuri ukapigwa, akaiweka kwenye faili la bima. Alipofariki tukaenda kwa karani wa kaunti: haijasajiliwa. Texas isiposajiliwa kabla ya kifo ni karatasi tu. Wasia hakuna. Kwa kuwa alikuwa na watoto wa ndoa ya kwanza Mombasa, nusu yake ya nyumba ikawa ya watoto wote, dada akabaki na nusu yake na haki ya kuishi humo. Mahakama ikateua wakili wa kuwatafuta warithi wasiojulikana, tukamlipa sisi. Ikataka mashahidi wawili wanaoijua familia na wasio na maslahi. Waliomjua tangu ujana wako Kisauni, Mombasa! Dada alilia mpaka akaugua. Saini, sajili, chukua nakala yenye muhuri wa kaunti.

AbuSalim
Kwa sisi Waislamu wasia hauvuki theluthi ya mali, wala mrithi haandikiwi wasia. Ukiandika watoto sawasawa, thumni (moja ya nane) ya mke iko wapi?

Mchaga_Minnesota
Sheikh, si unaandika mafungu kwenye hati?

AbuSalim
Warithi wanajulikana siku ya kifo. Hati inataja majina leo. Trasti inaweza kusema igawiwe kwa sharia.

BintiTanga
Samahani, nilikuwa zamu ya usiku. Mume ninaye, tulinunua baada ya ndoa, mkopo upo. Watoto miaka 9 na 16. Nataka na mama aliyeko Tanga apate fungu.

MzeeWaGarland
Mume unamtaja leo! Nyumba iliyochumwa ndani ya ndoa nusu ni yake, wewe unaandikia yako tu. Mkopo unaifuata nyumba, ila sheria ya 1982 inaizuia benki kuudai wote kwa sababu tu jamaa karithi na anahamia humo. Wa miaka 9 hawezi kuuza, mtaje mtu mzima wa kumshikia. Na mama akiwa nje, wakiuza fungu lake, kwa kawaida mnunuzi anakata 15% ya bei ya fungu hilo kupeleka serikalini, mpaka aombe marejesho.

Kigamboni_Boy
Kiwanja changu cha Kigamboni nacho naweza kukiwekea TOD?

MamaLulu_Houston
Hapana mwanangu. Huko ni kikao cha ukoo, muhtasari, kisha Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi.

Nyamwezi77
Hicho kikao ndicho kinachoua. Mashangazi wanamchagua wanayemtaka wao.

MamaLulu_Houston
Si kila ukoo, kaka. Kwetu mjane ndiye aliyeteuliwa, tena shangazi mkubwa ndiye aliyempendekeza.

BintiTanga
Mume anasema tusaini hati mbili tofauti, yake na yangu. Kuna aliyefanya hivyo Dallas?