Ninaomba ushauri wa kuchagua kayaki moja ya ziwani na mtoni

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, ninawasalimu. Ninaomba ushauri wa watu waliokaa majini muda mrefu kuliko mimi kabla sijatoa fedha zangu, kwa sababu chombo hiki nitakinunua mara moja na ninatarajia kukitumia kwa miaka mingi.

Kwa misimu miwili nimekuwa nikiazima kayaki ya rafiki yangu, fupi ya mita 2.9 na pana ya sentimita 76, ya plastiki, yenye tundu kubwa la kukalia. Mtoni imenifaa sana, kwani inageuka kwa pigo moja la kafi (kasia la kayaki) na haiogopi kukwaruzwa na kokoto. Ziwani hali ni nyingine. Mwezi uliopita nilikuwa ninarudi kutoka ng'ambo ya ghuba, umbali wa kilomita 3 hivi, upepo ukaanza kuvuma kutoka kushoto, na kila nilipopumzisha mikono hata kwa muda mfupi omo (ncha ya mbele ya chombo) iligeuka yenyewe kuelekea upepo. Nililazimika kupiga kafi upande wa kushoto peke yake mpaka bega likauma, huku mawimbi madogo yakinimwagikia mapajani. Nilifika salama, lakini nilipokuwa nikifua maji, yaani kuyatoa chomboni, kwa kopo pale ufukweni nilijiuliza ingekuwaje kama ningepinduka katikati, na sikuwa na jibu.

Nina urefu wa sentimita 183 na uzito wa kilo 92, na goti langu la kulia halikunjiki vizuri. Safari zangu 3 kati ya 4 ni za ziwani, zilizobaki ni za mto wa polepole wenye mikondo myepesi. Chombo nitakipakia juu ya gari mwenyewe, bila msaidizi.

Nimebakiwa na chaguo tatu. Ya kwanza ni fupi na pana inayofanana sana na ile niliyoazima, na mtengenezaji anasema inabeba kilo 115. Ya pili ina urefu wa mita 4.3, upana wa sentimita 61 na uzito wa kilo 26, ni ya plastiki ya polithilini, ina viambaza viwili (kuta za kugawa vyumba) ndani na pezi linaloshuka chini ya tezi (ncha ya nyuma). Ya tatu ni ya kujaza upepo, ambayo inanivutia kwa kuwa ni nyepesi na inakunjwa. Nilipoketi kidogo kwenye ile ya pili niliona inatikisika mno, ndiyo maana nimesita. Mngekuwa mimi, mngechukua ipi na kwa nini?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, pole kwa safari ile, na ahsante kwa kutupa vipimo vyako, kwa kuwa wengi huuliza kayaki ipi ni bora bila kusema wao ni nani wala maji yao ni yapi.

Yaliyokupata yana sababu. Chombo kinapokwenda mbele, maji huibana omo pande zote mbili na kuishikilia, ilhali tezi hupita katika maji yaliyokwisha kuvurugwa na haina cha kuishikilia. Upepo wa ubavuni ukija, tezi ndiyo inayosukumwa kwa urahisi, na kwa hiyo omo hutazama kule upepo unakotoka. Pezi ndilo dawa yake, maana linaipa tezi mshiko, na unalishusha kwa kadiri ya haja: sehemu tu unapopigwa ubavuni, lote upepo unapokuwa nyuma yako. Mtoni unalipandisha kabisa, na chombo kinakuwa chepesi kugeuka tena.

Kuhusu urefu, usinunue ndefu kwa kutarajia mbio. Chombo chenye mita 2.8 ndani ya maji huanza kugoma kwenye kasi ya karibu kilomita 7.5 kwa saa, na chenye mita 4 kwenye kilomita 9, lakini mtu anayepiga kafi kwa starehe huenda kama kilomita 5, hivyo hafiki kwenye mipaka hiyo hata kidogo. Faida utakayoipata kila siku ni kwamba ile ndefu hushika njia iliyonyooka na huendelea kuteleza baada ya kila pigo, kwa hiyo nguvu zako zinakwenda kwenye safari badala ya kwenda kwenye kusahihisha mwelekeo.

Sasa nije kwenye hofu yako ya kutikisika, ambayo naiona ndiyo inayokuzuia. Tumbo bapa na pana huhisi imara maji yakiwa kama kioo, lakini wimbi likija chombo hulala pamoja na mteremko wa wimbi, nawe unalala nacho. Tumbo jembamba la mviringo hutikisika tangu unapoingia, ila kadiri linavyoinama ndivyo ubavu wake unavyoegemea maji na kukusimamisha, na wimbi hupita chini yako huku kiuno kikicheza na kifua kikibaki wima. Mwili unahitaji muda kuzoea hilo. Kuketi muda mfupi dukani, tena nchi kavu, hakukufundishi chochote. Omba ukijaribu majini kwa saa nzima, na usikitolee hukumu katika dakika 20 za mwanzo.

Chaguo la kwanza liache. Kilo zako 92, ukiongeza nguo, maji ya kunywa na vifaa, zinakaribia kilo 105, na chombo kilichokaribia kikomo cha mzigo wake huzama chini, hukokota maji na hukubali kila wimbi liingie. Mimi sipendi kuvuka robo tatu ya kile kilichoandikwa na mtengenezaji.

Mchangiaji wa pili

Mimi ninagusa jambo moja tu, nalo ni kilo 26 za kubeba peke yako. Niliwahi kumiliki ndefu ya kilo 29 iliyokwenda majini kama mshale, na mwaka wa mwisho niliitoa mara 4 tu, kwa sababu kila nilipofikiria kuipandisha garini nilighairi. Usiinyanyue yote kwa pamoja: tandika mkeka nyuma ya paa la gari, egemeza omo juu yake, kisha uzunguke nyuma na kusukuma kutokea tezi, hapo hutabeba zaidi ya nusu ya uzito kwa wakati mmoja. Kutoka garini hadi majini tumia kigari cha magurudumu mawili.

Za faibaglasi huwa nyepesi zaidi kwa urefu uleule, ila kwa mto wenye mawe sikushauri, kwani plastiki hukwaruzika na kusahau, na faibaglasi hupasuka na kudai ukarabati. Plastiki nayo ina adui wake, ambaye ni jua. Ihifadhi kivulini, na usiikaze kwa mikanda ikiwa imepata joto, maana tumbo litabonyea na kubaki hivyo.

Mchangiaji wa tatu

Ninaheshimu maoni ya mchangiaji wa kwanza, lakini ameuzungumzia mto kwa haraka, nami muda wangu mwingi ni wa mtoni.

Mita 4.3 mtoni si jambo dogo. Ukitoka kwenye maji yaliyotulia nyuma ya jiwe na kuingia mkondoni, mkondo hushika omo kabla tezi haijatoka, na chombo kirefu hugeuzwa kwa nguvu ambayo mgeni haitarajii. Angalia tumbo la chombo ukiwa umekilaza mahali bapa: kama omo na tezi zimebinuka juu kuacha sehemu ya kati tu chini, kitageuka kwa wepesi, kama kimenyooka mwanzo hadi mwisho, kimetengenezwa kwa ajili ya ziwa. Zipo kayaki za katikati, zenye urefu wa karibu mita 3 na tumbo lililobinuka, ambazo nazo zina pezi la kushusha, na kama safari zako zingekuwa nusu kwa nusu ningekuambia uchukue hiyo bila kusita.

Lakini umesema robo tu, na mto wa polepole. Kwa kipimo cha kimataifa kinachopanga mito kwa ugumu wake kutoka daraja la I hadi la VI, wako unaonekana ni wa daraja la I, na pengine la II mahali pachache. Hapo chombo cha pili kitakufaa ukijifunza kukiinamisha ubavuni wakati wa kugeuka, maana kikilala kwa ubavu, omo na tezi hupungua mshiko wake majini na kinazunguka kama kimefupishwa.

Ninalotaka ulishike kuliko hilo la urefu ni miti iliyoanguka mtoni. Maji hupita katikati ya matawi, chombo na mtu havipiti, na nguvu ya mkondo wa kawaida tu inatosha kumbana mtu pale bila uwezo wa kujitoa. Ukiuona mti mbele yako, ukwepe mapema, au toka majini uuzunguke kwa miguu. Jiwe ni tofauti: ukisukumwa ubavu kwa ubavu dhidi yake, liegemee, usijivute kulikimbia, kwani ukiinamia upande maji yanakotoka, mkondo utapanda juu ya ukingo na kukupindua. Na ukiwa umeanguka, usijaribu kusimama kwenye mkondo unaopita magoti. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi. Elea chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, mpaka ufike penye utulivu.

Mwanzisha uzi

Ninawashukuru nyote. Ninakiri kwamba sikuwahi kulipima suala la miti, na upo mmoja ulioanguka kwenye kona ya mto ninayopita kila mara.

Bado swali langu la katikati ya ziwa halijajibiwa. Hivi viambaza viwili vina umuhimu gani hasa, na kwa goti langu, je, nisitafute ile ya kukalia juu, isiyo na tundu, ambayo nimesikia ni rahisi kupanda tena?

Mchangiaji wa nne

Swali hili lingepaswa kutangulia la urefu na la bei, ndugu yangu.

Kayaki uliyoazima, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ganda moja lisilo na ukuta ndani. Ikipinduka hujaa maji kutoka omo hadi tezi, na kila lita ni kilo moja, kwa hiyo lita 150 ni kilo 150 zinazochezacheza ndani ya chombo ambacho sasa hakitulii tena, na huwezi kukifua ukiwa unaelea kando yake. Viambaza hufunga omo na tezi zikabaki na hewa, na maji huingia kwenye chumba chako cha katikati tu. Hapo pampu ya mkono inatosha kuyatoa baada ya kurudi ndani. Kagua kama viambaza vimegundishwa vizuri: mimina maji chumba cha katikati ukiwa nchi kavu, subiri kidogo, kisha fungua vifuniko vya mbele na nyuma uone kama kuna unyevu. Chombo kikuukuu hasa huvujia hapo.

Kurudi ndani kuna njia zake. Unalivalisha bapa moja la kafi boya la kujaza upepo, unaliweka kafi likivuka nyuma ya tundu kama mkono wa ngalawa, kisha unajivuta kwa tumbo juu ya mgongo wa chombo, unaingiza miguu na kujigeuza taratibu ukiegemea upande wa boya. Inawezekana hata kwa goti lako, mradi tundu liwe refu la kutosha, na hilo ulipime mwenyewe kwa kuingia na kutoka mara kadhaa ukiwa umevaa viatu vyako vya majini. Nyayo zikae kwenye vikanyagio, magoti yaguse viegemeo vya mapaja ndani ya chombo bila kubanwa. Wainuiti, ambao neno kayaki limetoka katika lugha yao, walimpimia kila mtu chombo chake kwa mwili wake: kipimo kinachotajwa sana ni urefu wa mikono iliyonyooshwa mara 3, na upana wa nyonga ukijumlisha ngumi 2. Sisi tunanunua vilivyokwisha kutengenezwa, lakini hoja yao haijabadilika.

Ya kukalia juu ni kweli ni rahisi kuirudia, kwani unaipindua, unapiga miguu majini na kulala kifudifudi juu yake, na maji yanatoka yenyewe kwa matundu yake. Kwa maji ya uvuguvugu na safari fupi ningeikubali kwa moyo mmoja. Ila utakaa juu zaidi, upepo utakupata zaidi, na utakuwa umelowa mchana kutwa. Ile ya kujaza upepo, kama ni ya matumbo laini, kwa ghuba yako yenye upepo ningeiacha, kwa sababu inaelea juu kama jani.

Jaketi okozi livae na ulifunge. Lililowekwa nyuma ya kiti halikusaidii ukishaanguka. Na vaa kulingana na ubaridi wa maji, hata kama jua linawaka, kwani anayeanguka ghafla kwenye maji baridi hupoteza pumzi kabla hajakumbuka lolote alilofundishwa.

Mchangiaji wa kwanza

Ninaongeza kuhusu kafi, kwa kuwa uchaguzi wake haujatajwa. Ukipiga mara 50 kwa dakika ni mara 3,000 kwa saa, na tofauti ya gramu 400 kati ya kafi la alumini na la faibaglasi utaihisi begani. Kwa urefu wako na upana wa sentimita 61, anza na sentimita 220 hadi 230. Kama fedha hazitoshi, chukua chombo kilichokwisha kutumika na kafi zuri jipya.

Mwanzisha uzi

Ninarudi kuwapa taarifa. Nimeijaribu ile ya pili kwa saa moja na nusu. Mwanzoni mapaja yalikuwa yamekakamaa na chombo kilitikisika kama nilivyokumbuka, lakini nilipokuwa ninarudi nilijikuta ninatazama ndege ufukweni na sikuwa nimefikiria mizani kwa muda mrefu. Upepo ulikuwepo. Nilishusha pezi nusu, na omo ikabaki pale nilipoielekeza.

Kisha, maji yakiwa ya kifuani, nilijipindua kwa makusudi. Mara ya kwanza goti lilikwama kwenye ukingo wa tundu nikaanguka tena. Mara ya pili nilitanguliza mguu wa kushoto, na nikaingia. Nimeinunua pamoja na boya la kafi na pampu, na mwenzangu mmoja amekubali tuende pamoja kuitazama ile kona yenye mti kwa miguu kabla sijaipitia tena.